Mwanandani kwenye Tuta la Mchanga

Asadi Chipande alikuwa na kiburi cha kitu kimoja tu duniani, nacho ni shimo. Kwa miaka ishirini na saba aliwachimbia makaburi watu wa Msimbati, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Mzaha huo alikuwa akiutoa mwenyewe, tena msibani, mahali ambapo haukutakiwa. Basi Helena, mwanajiolojia kutoka chuo kikuu, alipofika akiulizia mtu wa kuchimba, wote walimwelekeza kwake.

Helena alitaka shimo la mita mbili na nusu kwenye tuta la mchanga, karibu na mdomo wa Ruvuma. Huko chini kulikuwa na tabaka jeusi lenye vigae vya vyungu vya watu wa kale, na juu yake mchanga mnene uliochanganyika na makombe. Alitaka kujua ni lini bahari ilipanda mpaka pale na kuwafukuza watu wale. Alimweleza Asadi kwamba chembe ya mchanga ikifukiwa huanza kuhesabu miaka yake gizani, na ikiona jua tena hesabu yote inafutika. Ndiyo maana mchanga wenyewe ungechukuliwa kwa bomba la chuma, ligongwe ubavuni mwa shimo na kuzibwa kabla mchanga haujaona mwanga. Asadi alielewa upesi. Mambo ya gizani yalikuwa kazi yake.

Neno moja tu hakulifuata. Helena alisema pande zikatwe kwa ngazi, mchanga usije ukaporomoka. Asadi aliona huko ni kujichosha bure, akateremsha kuta zilizonyooka, safi, za kupendeza macho. Helena alipoliona shimo asubuhi iliyofuata alinuna, kisha akatazama saa. Siku ile ilikuwa ya bamvua na maji yangejaa mapema, hakukuwa na muda wa kuanza upya. Akashuka.

Chini kabisa, upande wa kaskazini, alikuta uwazi mrefu uliochimbwa ndani ya ukuta, wa kumtosha mtu kulala ubavu.

"Mzee, umenifikiria kweli," alisema. Aliona amewekewa nafasi ya kugongea bomba.

Asadi akaipokea sifa hiyo. Ukweli ni kwamba hakuwa amefikiria lolote. Mkono ulikuwa umejichimbia kama ulivyozoea.

Helena alilala ndani ya uwazi ule, akaomba jembe la Asadi asogeze mchanga miguuni, akaliacha kando yake, kisha akaanza kugonga bomba kwa nyundo. Asadi alisimama juu akimtazama: amelalia ubavu wa kuume, uso kibla, koti jeupe la kazi limemfunika mpaka magotini. Hapo ndipo alipokiona alichokifanya. Alikuwa amechimba mwanandani, ule uwazi wa ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti. Makaburini kuna udongo mgumu unaojibeba. Hapa palikuwa mchanga mtupu, na ukuta wote wa kaskazini ulikuwa umekatwa miguu.

Alitazama ukingoni. Shibiri moja kutoka kwenye vidole vyake, ufa mwembamba ulikuwa umepita kutoka pembe hadi pembe. Chembe za mchanga zilikuwa zikimwagika taratibu. Kule chini maji yalianza kuchimbuka sakafuni, maana bahari ilikuwa inapanda.

Akamwambia madamu atoke. Helena akajibu bila kugeuka kwamba bomba limefika nusu, akiliacha maji yataliharibu, ampe dakika tano. Akaendelea kugonga. Kwa kila pigo ufa ulipanuka.

Asadi alijua la kusema, lakini aliona aibu. Atasemaje, yeye fundi? Alihesabu mapigo manne ya nyundo akiwa amefumba mdomo, na mapigo yale manne hajajisamehe hadi leo.

"Mwanangu," akasema, "nimekuchimbia kaburi. Toka."

Nyundo ikanyamaza. Helena akageuza shingo, akautazama uwazi ule kutoka kichwani mpaka miguuni kwake, akaelewa. Alianza kujivuta nje. Alikuwa amepiga magoti ukuta ulipoanguka.

Mchanga ulimfunika mpaka kifuani. Asadi aliruka ndani bila kuwaza, akaanza kufukua kwa mikono huku akimwita Andrea, dereva, aliyekuwa garini. Kila gao alilotoa, mawili yalirudi. Helena hakupiga kelele. Pumzi zilikuwa fupi na midomo imebadilika rangi. Asadi aliligeuzia tuta mgongo, akajikaza kuzuia mchanga kwa mwili wake, na mikono ikaendelea kuchota. Maji yalimfika magotini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, maana mikono ile ilijua kufukia watu. Kufukua mtu ilikuwa haijawahi.

Andrea alifika na kamba ya kuvutia gari. Wakaipitisha chini ya makwapa ya Helena, mmoja akavuta, mwingine akachimba, mpaka kiuno kikaachia, kisha miguu, viatu vikabaki. Walikuwa hawajamfikisha kwenye gari wakati upande wa pili nao ulipoporomoka, na shimo likajifunga.

Helena alikaa chini, amejifunga shuka la Andrea. Hakumlaumu. Alisema kosa la kushuka lilikuwa lake. Baadaye kidogo akasema bomba limekwenda, nyundo imekwenda, na jembe la mzee pia. Maji yakipungua watarudi, wachimbe kwa ngazi safari hii, walitoe bomba.

Asadi alikumbuka mwaka ule mwili wa marehemu mmoja ulipochukuliwa ghafla ukazikwe mjini. Kaburi lilikuwa tayari, na kwao kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, lisije likadai mtu mwingine. Yeye mwenyewe alilaza gogo la mgomba mwanandani, ndipo akafukia.

"Bomba utatafuta jingine, mwanangu," alisema. "Jembe langu liache humo. Limelala mahali pako."