Kifuniko Kilichokatwa

Spana alijua kuna kitu kimeharibiwa kabla hata hajaingia karakana. Harufu ya plastiki iliyopigwa msumeno ilimpokea mlangoni, na ndani dada yake alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, magoti yamejaa unga mweusi, anapiga mluzi.

"Umefanya nini?"

"Nimeipa pumzi," dada akajibu bila kugeuka.

Chini ya kiti cha pikipiki ile ya mashindano kulikuwa na boksi la hewa, mahali chujio linapokaa na injini inapovutia pumzi yake. Boksi lilikuwa na kifuniko chenye mdomo mwembamba. Sasa kifuniko kilikuwa mezani vipande vipande, na ubavuni mwa boksi lenyewe pametobolewa tundu la kupitisha ngumi, kingo zake zimechanikachanika kama zimetafunwa na panya.

"Nani alikuambia ukate?"

"Hii si pikipiki yangu?"

"Injini naijua mimi."

"Na anayeanguka nayo ni nani?" Dada akainuka, akajikung'uta. "Mwewe amefungua boksi lake zima. Umeisikia pikipiki yake inavyonguruma? Yangu inakohoa kama bibi kizee, halafu nashangaa kwa nini ananipita."

Hawa wawili hawakuwa wakiiva chungu kimoja, tena tangu zamani. Baba yao alikuwa dereva wa mashindano mpaka nyonga ilipomvunjika, na alipoona hatapanda tena, mkubwa akampa pikipiki, mdogo akampa spana. Jina likamganda mdogo. Picha zilizojaa ukutani zote zilikuwa za dada: dada ameruka tuta, dada ameinua kikombe, dada amebebwa mabegani. Katika picha moja ulionekana mkono wa Spana umeshika usukani, na kilichobaki cha mwili wake kilikatiwa nje ya fremu.

Spana akakusanya vile vipande, akajaribu kuviunganisha kwa vidole. Havikuungana.

"Sikiliza," akasema, na ilimgharimu kusema kwa upole. "Ukiongeza hewa, mafuta lazima yaongezeke. Mafuta yakibaki yale yale injini inachemka, plagi inakuwa nyeupe, mwisho pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Ikikushika uko kasi, hutasimulia."

"Si uongeze hayo mafuta? Ndiyo kazi yako."

Akaongeza. Angefanya nini? Alifungua kabureta, ile aliyojinunulia mwenyewe na kuifunga pale baada ya ile ya zamani kuchoka, akatoa jeti iliyokuwamo, kale kashaba kenye kitundu kinachopima mafuta, akaweka yenye kitundu kikubwa zaidi. Akajaribu, akabadilisha tena, mpaka plagi ikatoka na rangi ya kahawia aliyoitaka. Kisha wakaipeleka kwenye mlima wa machimbo ya kokoto, baba yao kwenye kiti cha mbele cha pikapu, na dada akapanda.

Kwenye tambarare pikipiki ilikwenda kama imetukanwa. Sauti iligonga ukuta wa machimbo ikarudi maradufu, na baba akapiga paja kwa furaha. Lakini Spana hakuwa akisikiliza sauti. Alitazama kona ya chini, pale ambapo mpandaji hupunguza kasi mpaka karibu kusimama kisha akavuta mafuta kupanda mlima. Hapo pikipiki ilisita. Ilivuta pumzi kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali gumu, ndipo ikapanda.

"Umeona?" akamwambia dada aliporudi. "Juu imepata nguvu, chini imepoteza. Na njia ya mashindano yetu imejaa kona na milima. Niache nizibe nusu ya tundu."

"Sijaona kitu. Imekuwa moto."

"Imekuwa kelele."

"Baba, imekuwaje?"

Mzee akamtazama mkubwa, akamtazama mdogo. "Kwa masikio yangu iko vizuri," akasema. "Wewe Spana, mambo ya kuogopa ogopa ndiyo yaliyokunyima pikipiki. Usimwambukize mwenzako."

Spana akapakia vyombo vyake. Njiani kurudi mzee alisimulia tena jinsi alivyowahi kushinda bila breki.

Asubuhi ya mashindano Spana alikuja na kipande cha plastiki alichokikata usiku uliotangulia na kukitoboa vizuri kwa skrubu, cha kuziba nusu ya tundu. Alimpa dada bila maelezo. Dada alikigeuza mara moja, akakirusha chini ya pikapu.

"Ukitaka kuziba, ziba mdomo," akasema, akavaa helmeti.

Walipoachiwa, dada alitoka mbele. Kwenye njia iliyonyooka alimwacha Mwewe na wengine wote, na watu wakasimama juu ya magari yao. Kisha ikaja kona ya kwanza yenye mlima. Pikipiki ikasita, Mwewe akapita kwa ndani. Kona iliyofuata wakapita wengine. Mlima wa mwisho, uliokuwa mkali kuliko yote, dada alivuta mafuta kwa hasira, injini ikakaba, ikazimika katikati ya mwinuko, na pikipiki ikaanza kurudi kinyumenyume huku mwenyewe ameng'ang'ania breki, watu wanacheka.

Spana alijisikia raha. Ilimjia tu, tamu kama sukari chini ya ulimi, na alipoitambua ikamwogopesha. Akashuka mbio kwenda kusaidia kusukuma.

Hakufika mbali. Dada alikuwa amekwisha kuivuta mpaka kando ya njia, na alipomwona akavua helmeti.

"Umefurahi?" akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Jamani mtazameni vizuri. Huyu ndiye aliyenitilia jeti mbovu. Hawezi kupanda, basi hataki na mimi nipande. Ananionea wivu tangu tumbo moja lilipotutoa."

Mwewe alikuwa pale, na waamuzi, na wapandaji ambao Spana alikuwa amewatengenezea pikipiki zao mara nyingi. Wote wakamgeukia. Akamtafuta baba yake kwa macho. Mzee alikuwa ameegemea fimbo yake, anatazama matairi.

"Baba, sema. Ulikuwapo kwenye machimbo."

"Mdogo humwachia mkubwa," mzee akasema. "Mwombe dada yako radhi yaishe."

Spana hakuomba radhi. Alitoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti kwenye vumbi, akafunga mafuta, akalegeza kola inayoibana kabureta, akachomoa waya wa kuvutia mafuta, akaitoa kabureta yake ikiwa bado ya moto. Ilimuunguza vidole. Aliifunga kwenye kitambaa, akaibana kwapani.

"Ukiondoka nayo," baba akasema taratibu, "usirudi nyumbani."

"Ninachochukua ni changu," Spana akajibu. "Tundu nawaachia."

Akaondoka kwa miguu.

Fundi mmoja wa upande wa pili wa mji, mzee mchoyo wa maneno, alimpa kona ya karakana yake na chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama matairi chakavu. Wiki za kwanza Spana alifanya kazi kwa ghadhabu, nati anazikaza mpaka mwenye karakana akamwambia zile si shingo za watu. Maneno ya dada yalikuwa yametangulia kila mahali. Mteja mmoja alimuuliza kama atamtilia jeti nzima, wenzake wakacheka. Spana akamrudishia funguo zake. Mwewe ndiye aliyekuja bila kuuliza kitu. Alitaka boksi lake la hewa lizibwe nusu, maana naye milima ilikuwa inamsumbua, ila alikuwa anaona aibu kusema.

Siku moja mchana dada aliingia anaisukuma pikipiki. Jasho lilikuwa limemchora mistari usoni. Mwewe alikuwepo, amekaa juu ya tairi na wapandaji wengine wawili.

"Imenishika," dada akasema.

Spana alifungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Mahali pa kabureta yake palifungwa nyingine, ndogo, ya pikipiki ya kubebea mizigo.

"Nani alifunga hii?"

"Baba."

"Na tundu mkaliacha wazi."

Spana alitoa kichwa cha silinda. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu ubavuni, imekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa. Alimwachia dada nafasi aitazame vizuri, kisha akafuta mikono.

"Inatengenezeka. Ila hapa ulipo wapo watu waliokusikia siku ile. Waambie ukweli, au isukume ulikotoka."

"Spana, mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo maana nakusubiri."

Dada akashika usukani, akaigeuza pikipiki ikiwa imefunguliwa hivyo hivyo, akaisukuma hadi mlangoni. Hapo akasimama akiwa amewapa mgongo. Mwenye karakana alianza kukohoa, kisha akaacha.

"Jeti haikuwa na kosa," dada akasema, akiielekea barabara. "Tundu nililikata mimi. Aliniambia nizibe, nikakataa." Akageuka, macho mekundu. "Umeridhika sasa?"

"Hapana," Spana akasema. "Lete."

Alifanya kazi mpaka jua lilipoanza kulegea. Alisafisha silinda, akaweka pistoni mpya, akaziba tundu la boksi, akakata kifuniko kingine chenye mdomo wa kadiri, na akafunga kabureta nyingine nzuri ya pale karakana. Ile yake mwenyewe, aliyoondoka nayo siku ile, hakuitoa. Dada alisimama muda wote, kiti alikataa. Spana alipoipiga kiki ikaitika mara moja, sauti nzito, tulivu, isiyo na majivuno.

"Haipigi kelele," dada akasema.

"Ipeleke mlimani."

Dada akavaa helmeti, akasita kufunga kamba ya kidevuni.

"Baba anakuulizia."

"Anajua nilipo."

"Nyonga haimruhusu kuja huku."

"Siku ile ilimruhusu kusimama na kuunyamazia ukweli," Spana akasema, akageukia baiskeli ya mteja aliyekuwa akingoja.

Mashindano yaliyofuata dada alimaliza nyuma ya Mwewe kwa urefu wa tairi. Pikipiki zote mbili zilikuwa za mkono wa Spana. Hakwenda kutazama, na nyumbani hakurudi. Dada aliendelea kuja, akipanga foleni kama wateja wengine, na kila mara walizungumza juu ya injini tu.