Mkebe wa Emanikor

Emanikor alichafua leso tena kabla hawajaitwa. Nakiru, mamake, aliikunja haraka, akaikalia, lakini harufu haina adabu. Wanawake waliokaa naye walisogea kidogo, wakijifanya wanafuata kivuli.

Mbele yao, Lorna, binti wa maabara, alikuwa akieleza matokeo. Yeye na wenzake walikuwa wamechota maji ya mto pale bomba la majitaka ya mji linapomwaga, wakachukua na choo cha watoto wa kijiji cha Burat kwenye mikebe. Mashine ya Nairobi ilisoma vinasaba: vijidudu vya kuharisha vilijaa majini, na havikuwa vya mbuzi wala ngamia.

"Ni vya binadamu," alisema Lorna. "Vinatoka kwa bomba."

"Ama kwa vichaka vyenu," alidakia Akolong, afisa wa maji, akifungua chupa yake ya maji ya duka. "Mtu hana choo, atalaumu bomba kweli?"

Watu wakacheka. Wasio na choo ndio waliocheka zaidi.

Dawa zikaanza kutolewa kwa watoto ambao mashine iliwakuta na vijidudu. Emanikor hakuitwa.

"Wako hana kitu, mama," Lorna alimwambia, akimtazama mtoto aliyelegea mapajani mwa mamake. "Choo chake kilikuwa safi kabisa. Hata mimi nashangaa."

Nakiru hakushangaa. Siku ile ya mikebe alifunua leso, akaona maji ya kijani yenye utelezi. Atampaje binti wa watu uchafu ule, na jina la mtoto wake limebandikwa juu? Akaenda kwa jirani yake Umulkheir, anayenunua maji ya lori, akachota choo kigumu, kizuri, kwenye poti ya mwanawe Hoda. Mkebe ule aliupeleka kwa fahari, kama mtu anayepelekea wakwe maziwa.

"Haikuwa yake," alisema sasa.

"Nini, mama?"

"Ile choo. Ilikuwa ya Hoda. Yake ilikuwa mbaya. Niliona aibu."

Umulkheir akainuka, akashika kiuno. "Wallahi, Nakiru! Hata mavi umeniibia?"

Kicheko kikalipuka. Nakiru aliinamisha kichwa mpaka kicheko kikapita.

"Nipeeni tu dawa," alisema. "Si mnamwona?"

Lorna alinyoosha mkono kwenye boksi. Akolong akaweka kiganja chake juu ya kifuniko.

"Dawa ni ya wale mashine imesema. Wewe umedanganya mashine ya serikali. Leta ingine, ya ukweli, halafu tungoje Nairobi."

Lorna alirudisha mkono, akaanza kupanga glavu zake.

Akolong akamrushia Nakiru mkebe mtupu. Ukaangukia vumbini. "Na uuoshe kwanza."

Nakiru alimfunga Emanikor mgongoni, akateremka mtoni, akachuchumaa kando ya bomba. Maji ya mji yalitoka vuguvugu, yenye povu la sabuni na harufu ya vyoo vya watu wengine. Akausugua mkebe kwa mchanga, ndani na nje, mpaka ukawa mweupe kama mpya.

"Ngakipi," Emanikor alinong'ona mgongoni. Maji.

Nakiru aliutazama mkebe safi mkononi mwake. Akauinamisha bombani, akaujaza, akamfikishia mtoto mdomoni.