Daraja ya Gorofa ya Nne

—ya kwanza, Tabby, ya kwanza darasa mzima, mimi! Hiram mwenyewe, yule lec, mwalimu wetu wa kolej, ambaye hajawahi kusifu mtu tangu azaliwe, amesimama mbele ya daraja yangu ya kadibodi akasema hii ndio kazi ya kwanza mwaka huu iko na mtu ndani. Wacha nikuambie pole pole, maana nikikimbia nitaruka kitu. Na usishtuke vile naongea. Niko sawa. Nasikia tu kama ile siku ya meno, dakta amekudunga sindano, unajua mdomo ni wako lakini ukiushika ni kama wa mtu mwingine. Niko hivyo mwili mzima.

Unakumbuka kazi tulipewa. Chora daraja ya watu wa miguu, itoke nyumba moja iingie nyumba ingine, na lazima uchague majengo ya ukweli na mtu wa ukweli atakayepita hapo. Wenzangu wote walikimbilia katikati ya mji, ati mtu atoke ofisi aingie supamaketi bila kunyeshewa. Mmoja wao, Kibii, yake aliiweka vioo chini, ukitembea unaona watu vichwa. Mimi hata sikuvaa viatu. Nilichungulia tu dirisha.

Wewe tangu upate kazi ya stoo ya mahindi huko Rongai umesahau vile tunaishi, so nikukumbushe. Shosho alivunjika nyonga kule Ndabibi, Baba akamleta mama yake tukae naye hapa gorofa ya nne, na ngazi zikamfunga. Anashuka akienda hospitali, na Pasaka moja akienda kanisa, basi. Ng'ambo ya kichochoro, dirisha kwa dirisha, kulikuwa na Mama Fardosa. Yeye ni magoti. Naye pia ni gorofa ya nne, naye pia hashuki. Hao wawili ni marafiki wa kufa na hawajawahi hata siku moja kukaa chumba kimoja. Urafiki wao wote umepita hewani, juu ya kamba za nguo.

Asubuhi ukiwa unapiga mswaki unawasikia. Mama Fardosa, ambaye humwita Shosho Mama Njuguna, anauliza, Mama Njuguna, leo umeunguza githeri tena? Shosho anamjibu kama harufu inakusumbua funga dirisha. Hakuna mtu amewahi kufunga dirisha.

Sasa sikiza shida yangu ilikuwa wapi. Si barabara yetu inashuka kuelekea ziwani? Basi gorofa ya nne yetu na gorofa ya nne yao hazilingani. Sisi tuko juu, kama kimo cha stuli. Mtu mwingine angeweka ngazi mbili tatu hapo akamaliza, lakini ngazi ndio adui hapa. Nikaiteremsha pole pole, mteremko hata chai haimwagiki, na katikati nikaweka benchi ya watu wawili. Shosho hawezi kuvuka yote bila kupumzika. Na nilijua pia wakikutana hapo kwa benchi, hakuna mtu atawatoa.

Nilienda kwa Mama Fardosa kupima. Alinishikia ncha ya tepu mwenyewe, akanipea chai ya iliki, na nikaweka alama ya penseli kwa ukuta kando ya dirisha, mahali mlango ungekuja. Nikamweleza vizuri, Tabby. Nikamwambia hii ni kazi ya shule, ikishapewa maksi imeisha. Akaniuliza, "Na hiyo shule si ni ya serikali? Serikali ikiipenda si itajenga?" Nikacheka. Yeye hutania kila mtu, nikajua ni ile yake. Na Shosho kutoka ng'ambo akaitisha mlango wa kwetu ufunguke kwa ndani, ukifunguka nje utagonga maua yake.

Leo asubuhi nikitoka na boksi la daraja mikononi, nimemwona kwa dirisha, leso kichwani, kikombe mkononi. Ameniita.

"Usiniangushie daraja, msichana."

Nikamwambia nikirudi nitamletea aione. Akainua kikombe hivi.

Basi nikafika, nikapanga michoro kwa ukuta, nikasimama. Siku ya kuonyesha kazi, unajua, walimu wanakuchana makosa mbele ya watu wote. Kibii walimuuliza nani anataka kuona vichwa vya watu. Ikafika yangu. Kulikuwa na mgeni, mzee fulani wa kutoka Nairobi, akainama akaangalia benchi muda mrefu, akaniuliza kama hao mama wapo kweli ama ni wa kubuni. Nikasema wapo, mmoja ni shosho yangu, na mwingine hunikumbusha kubeba sweta. Watu wakacheka. Simu ilikuwa inatetemeka kwa mfuko wakati huo wote. Nikaiacha. Hiram akasema yale alisema, darasa wakapiga makofi, Kibii akanibeba juu juu.

Nikatoka nje kupigia Baba nimpe habari. Yeye ndiye alikuwa anapiga. Alisema, "Mama Fardosa ametuacha." Nikamuuliza Mama Fardosa gani. Akasema jina lake lote, Kinsi, mke wa marehemu Darweshi, kama mtu anasoma kitambulisho. Alikuwa amekaa kwa kitanda, akaambia Fardosa kifua ni kizito, akalala kidogo. Na wanazika leo leo.

Mimi nikasema sawa. Nikarudi ndani nikachukua boksi langu. Mtu akanipongeza, nikamwambia asante.

Wewe unajua sisi vile tunazika. Wiki mzima watu wanakuja jioni, kamati inakaa, picha inachapishwa. Moyo unapata nafasi. Wao hapana. Nimefika nyumbani ameshaoshwa, ameshaombewa, ameshafunikwa. Wanaume ndio walikuwa wanarudi na vumbi ya makaburini kwa viatu. Nilikuwa nimemwacha na kikombe cha chai, Tabby.

Nimepanda juu nikapata Shosho kwa dirisha lake. Ameona kila kitu kutoka hapo, mpaka jeneza likipita chini kichochoroni na watu wameliinua kwa mabega. Alikuwa amevaa kile kitambaa chake cha kanisa. Hakuwa analia. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, hajui mikono ataweka wapi.

Halafu mlango ukagongwa. Mujahid, kijana wa Mama Fardosa, na wenzake watatu, wametoka tu makaburini. Akasalimia, akasema wanawake wamekaa kule kwao na mama yake angetaka Mama Njuguna awe hapo. Baba akaanza kueleza ngazi. Mujahid akaingia jikoni akatoka na kiti. Hiyo ya plastiki, nyeupe, imepasuka mkono. Wakamkalisha, kila mtu akashika mguu mmoja wa kiti, wakaanza kushuka.

"Shikeni vizuri," Shosho akawaambia kwa kona ya kwanza. "Mimi si gunia ya waru."

"Mama, viazi ni nyepesi," Mujahid akamjibu. Macho yake mekundu, na bado akamjibu.

Wakashuka, wakakata kichochoro, mwenye mkokoteni akawapisha, wakapanda ngazi za kule kwao. Muda huo wote hata chai Baba aliacha kwa jiko haingekuwa imechemka. Mimi nikawafuata nyuma na boksi. Sikuwa nimeliweka chini tangu kolej. Hata sijui kwa nini, mikono ilikuwa imekataa kufunguka.

Tabby, hiyo kiti imekuwa jikoni tangu tuhamie hapa. Ndiyo mimi husimama juu yake nikibadilisha balbu.

Huko ndani wanawake wamekaa kwa mikeka, ubani unawaka. Wakampisha Shosho akawekwa karibu na dirisha, na Fardosa akanionyesha kwa wengine, akasema huyu ndiye msichana wa daraja. Wote walikuwa wananijua. Wote. Mmoja akaniuliza kama itakuwa na paa, kwa sababu ya mvua. Nikageuka nikaona ukuta. Unakumbuka kabati lao la vyombo, lile kubwa la vioo, lilikuwa kando ya dirisha? Halikuwa hapo. Ukuta mtupu, na alama yangu ya penseli katikati. Fardosa akaniambia mama alimsumbua Mujahid wiki yote mpaka akalisukuma upande ule mwingine, ndio mafundi wakija kutoboa mlango wasivunje vikombe.

Nilitaka kuwaambia hakuna fundi atakuja. Nikafungua boksi, nikaweka daraja kwa mkeka katikati ya vikombe na sahani ya tende. Wakainama kuangalia. Shosho akagusa benchi na kidole kimoja, akauliza kama hapo ndipo wangekaa. Nikasema hapo. Akainua kichwa akaangalia nje, kwa dirisha letu, nguo zetu kwa kamba, maua yake. Hajawahi kuiona nyumba yetu kutoka ng'ambo.

"Kumbe ni hapa tu," akasema.

Nikangoja nilie hapo, ilikuwa mahali pazuri, kila mtu angeelewa. Hakuna kitu kilikuja. Nikakula tende. Haikuwa na ladha.

Wamemrudisha jioni na kiti ile ile. Fardosa akawafuata mpaka mlango, akamwambia hiyo nyumba haihami, asipotee. Sasa niko na Shosho hapa, nimemvua viatu, amekaa dirishani anaangalia ng'ambo. Taa imewashwa huko, pazia lile lile. Nilimwambia Baba tulipofika, naye amemwambia nimekuwa wa kwanza, na ndio Shosho ameniuliza, sauti yake ile ya kawaida tu, kama anauliza bei ya unga.

"Na hao walimu wako, si umesema wameipenda?"

Nikasema wameipenda sana.

"Basi wanaanza lini kujenga? Fardosa amesema nisipotee."

Nimeangalia boksi. Nimeangalia kiti, iko hapo mlangoni, hakuna mtu ameirudisha jikoni.

"Lala kwanza, Shosho," nikamwambia. "Zile za daraja nitakuambia kesho."