Mlango wa Gari la Abeid

Niliingia uani kwa marehemu nikivuta gari kwa kamba, kofia nimeipindisha kama alivyoivaa yeye, nikinguruma kwa mdomo: vuuu, vuuu, gari linapanda mlima wa Kinole! Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa pilau waliinua vichwa. Mmoja akasema, "Makubwa!" Hamza, mtoto mkubwa wa Abeid, alitoka barazani amekunja uso.

"Shikamoo, mzee Stambuli. Lakini haya si tulishayamaliza? Nilikuomba."

"Marahaba. Uliniomba siku ya mazishi, nikanyamaza. Leo mama yako ametoka eda. Mimi ni mtani wa baba yako, bwana, na mtani hazuiwi mara mbili."

Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu enzi za mababu. Akifa wa kwao, sisi ndio wa kumwigiza na kumsema, wafiwa wacheke, machozi nayo yapate kutoka vizuri. Mimi na Abeid tulizidi hapo. Ujana wetu wote tuliumaliza kwenye gari moja la mafundi simu, yeye kwenye usukani, mimi juu ya nguzo. Tuliwekeana kiapo kwamba atakayetangulia, mwenzake asimwonee haya. Halafu Hamza akasema utani msibani ni mambo ya kizamani, tukamzika kimya kimya mtu aliyekuwa mcheshi kuliko wote mlimani. Iliniuma sana.

Tena mke wangu, Pili, kila akitoka kumtazama mjane alirudi kichwa chini. Latifa hakuwa amelia wala kucheka. Ukimpa chai, anaishika mpaka inapoa. Watu wakasema ana subira. Subira gani! Latifa ninayemjua mimi ana mdomo kunishinda.

Basi nikajifungia kibandani kwangu, huku Morogoro mjini. Nilitaka Abeid aje na gari lake. Nilikata debe la mafuta ya kula, nikalikunja likawa bodi. Kila kipimo nilikigawa kwa kumi, na vipimo vyenyewe ninavyo mwilini, maana paa la gari lile lilinifika kidevuni. Matairi nilichonga kwa soli za ndala, vioo nikakata chupa ya maji, ngazi ya juu nikaunga kwa vijiti vya mwanzi. Waya uliozungushwa nyuma ni waya wa simu kweli, niliutunza. Hata lile bonde la ubavuni, pale Abeid alipogombana na mfenesi, nililigonga kwa nyundo pigo moja, likatua mahali pake. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Hakuna aliye hai anayelijua gari lile kama mimi.

Basi pale uani nikalisimamisha mbele ya mkeka wa Latifa. "Piii! Mama Hamza, mumeo karudi! Nyanya ulizomwagiza zote zimepondeka, visingizio vimefika vizima!"

Wanawake waliziba midomo kwa kanga. Latifa hakucheka. Alilipakata gari, akapitisha kidole kwenye ngazi, kwenye waya, kwenye lile bonde. Nikakaa tayari kusifiwa. Akafungua mlango wa dereva, akaufunga. Akafungua tena, akafunga.

"Mtani, hili gari la nani?"

"La mumeo, la nani tena?"

"Muongo mkubwa! Gari la mume wangu mlango wake ulifunga lini?"

Yarabi! Miaka yote nilimpigia Abeid kelele autengeneze mlango ule, kumbe mikono yangu imeshamtengenezea bila kuniuliza.

Latifa akachana upindo wa kanga yake, utepe mwembamba. "Kanga zangu zote ziliishia mlangoni," alisema. "Nikimwambia nunua kitasa, ananijibu kitasa hakina harufu ya mke." Akapitisha utepe dirishani, akafunga fundo, na la pili. Hapo akacheka, kicheko chake kile cha kusikika mpaka bondeni, na katikati ya kicheko akalia. Alilia mpaka Hamza akaja kupiga magoti mkekani, naye analia. Mimi pia, sifichi.

Baadaye alijifuta uso, akanirudishia kamba. "Haya, dereva. Zunguka. Na mfenesi wa watu uuache."

Nikazunguka uani nikinguruma. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Hamza.

"Mzee," alisema, "kwenye kona baba alikuwa anapiga honi mbili."

Nikamwachia azipige yeye.