Shati la Kufumuliwa

Mama anafumua. Nikishona kola ya sare ya shule, nikageuka tu kushika pasi, nikirudi uzi uko sakafuni. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi cherehani, na enzi zake mshono uliopinda ulikuwa haupiti. Sasa kumbukumbu zimemwisha, hanijui mimi ni nani, lakini mkono bado unakagua kazi. Hata mshono ulionyooka anafumua. Nimechoka jamani, nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichosha. Kaka nilishampigia simu: Jumamosi aje amchukue, ampeleke makao ya wazee.

Jirani yangu muuguzi ndiye aliyeniburuta hadi darasa la Zen, kutafakari kwa Kibuddha. Unakaa, unautazama ukuta, unahesabu pumzi hadi kumi. Akili ikitangatanga, unaanza tena moja. Ndilo hilo tu, eti somo. "Shida ikija usiifukuze," mwalimu akasema, "iache ikae nawe." Nikamwambia kwangu imeshakaa, na kiti imeninyang'anya. Akacheka, akaniambia nianze moja.

Ijumaa mchana nikaketi chumba cha kushonea, uso ukutani. Moja. Mbili. Nyuma yangu nikasikia mkasi mdogo, kola tena. Hasira ikapanda. Nikaanza moja. Nilipofika tatu, mkasi. Moja. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Mkasi ukanyamaza. Mama akaburuta kigoda, akaketi kando yangu, naye akautazama ukuta.

"Tunamsubiri nani?"

"Hatumsubiri mtu, mama."

"Afadhali." Akakung'uta uzi mapajani. "Binti yangu angepapenda hapa. Anashona vizuri yule, ila hajui kupumzika. Namfumulia ili apumzike, yeye anashona tena. Kichwa ngumu kama baba yake."

Nikaanza moja.

Jioni kaka akapiga kuuliza aje saa ngapi. Nikamwambia asije. Akaniita kigeugeu, nikamwambia sawa, mimi kigeugeu.

Sare za watu siku hizi nazifungia kabatini. Mama nimempa shati la marehemu baba. Nalishona kola, anafumua, nalishona tena. Uchovu uko palepale, asikudanganye mtu. Lakini nikisikia mkasi wake umeanza, nazima cherehani, nakaa, kama alivyotaka.