Sababu za Wanawake wa Mikindani

Bwana Kolins alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomponza Mwanakombo. Angekuwa mjeuri, angejibiwa kijeuri, mambo yakaisha. Lakini alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala mkate wa kumimina akausifu, akakaa mkekani na ile miguu yake mirefu isiyojua pa kwenda. Mgeni wa namna hiyo, nani ana moyo wa kumpa habari chungu?

Alikuwa Mwingereza kijana, ametumwa na chuo kikuu cha kwao kuja kuchunguza kwa nini watu wa pwani ya kusini wanaingia chama cha kudai uhuru. Mwaka huo wa hamsini na saba chama kilikuwa hakijapata kibali cha kufungua tawi Mikindani. Maombi yalipelekwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yakakataliwa, yakapelekwa tena, yakakataliwa tena. Mkalimani wa Kolins alikuwa Ismaili, karani wa bandari ya Mtwara, na kila mtu alijua kwamba tawi likifunguliwa, katibu ni yeye.

"Shangazi," Ismaili alikuwa amemwambia Mwanakombo, "anayoandika huyu yatasomwa serikalini. Semeni naye vizuri."

Mwanakombo alilitaka tawi hilo kufa na kupona. Kadi za kwanza Mikindani aliziuza yeye, kazifunga kwenye pindo la kanga, nyumba hadi nyumba, kwa kisingizio cha kualika watu ngomani. Ismaili mwenyewe alinunua yake mkononi mwake. Na tawi likifunguliwa, Mwanakombo alitaka kiti kimoja kwenye kamati, apate kuwasemea wanawake wa kazi za bandarini. Hakutaka kingine.

"Kwa nini uliingia chama?" Kolins aliuliza, na Ismaili akatafsiri.

Mwanakombo akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. "Aa, mie nina nini, baba? Nilifuata ngoma tu."

"Sisi kwetu ngoma," akadakia Hadija, shoga yake wa tangu utoto. "Penye shamrashamra, tumo."

Sasa, mtu aliyezaliwa Mikindani analijua jibu hilo. Ni jibu la mlangoni. Mtu wa heshima haulizwi uchungu wake akaumwaga palepale, tena mbele ya mwanamume mgeni. Hukataa kwanza, kisha aliyekaa naye, anayemjua, ndiye humsemea: mwenzangu anaona haya, lakini habari yake ni hii na hii. Ndivyo posa zinavyopelekwa na ndivyo malalamiko ya ndoa yanavyofika kwa kadhi. Kwa hiyo Mwanakombo alimtazama Ismaili, akangoja asemewe.

Na Ismaili habari alikuwa nayo. Gati la Mtwara lilipojengwa, wanawake, Mwanakombo akiwamo, waliajiriwa kubeba kokoto kichwani. Nyapara, ili ajue nani kabeba makarai mangapi, alikuwa akiwachora mistari ya chaki mgongoni. Si juu ya nguo; aliwaamuru washushe kanga, akachora kwenye ngozi, na mkono wake haukuwa na haraka ya kuondoka. Jioni waliwekwa mstari, migongo wazi, wakahesabiwa mbele ya vibarua wa kiume. Walipokwenda kulalamika ofisini kwa Bwana Shauri, waliambiwa wakajifute. Siku ile ndipo Mwanakombo alipojua kwamba hana serikali. Chama kilipokuja na kusema mtu ni mtu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Haya yote alimwambia Ismaili alipomuuzia kadi, na kijana alitokwa na machozi. Mumewe mwenyewe, Omari, ambaye wakati gati likijengwa alikuwa akikata mkonge Lindi, hakuwahi kuambiwa hata nusu.

Ismaili akamgeukia Kolins. Alisema maneno machache, mafupi kama yale yaliyosemwa. Kolins akaandika, akashukuru, akaondoka na mfuko wa korosho aliopewa zawadi.

Baada ya miezi kadhaa kitabu cha utafiti kikamfikia Bwana Shauri, na wiki hiyohiyo kibali kikatoka. Watu walikusanyika kwenye ghala tupu la mfanyabiashara Ramzanali, wanaume mbele, wanawake nyuma, na Ismaili akasimama kuwasomea kwa Kiswahili yaliyoandikwa. Ukurasa wa wanaume, uliosema kwamba wanadai uhuru kwa kutamani vyeo vya Wazungu, aliusoma mbiombio na kuuita uzushi. Wa wanawake aliusoma polepole, akausifu kwa usahihi wake.

"Wanawake wa pwani hawana fikra za siasa. Chama kwao ni ngoma mpya. Wanafuata sare, nyimbo na shangwe."

Wanaume wakacheka, si kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma zaidi. Mwanakombo aliona uso unamwaka moto. Mkutano ulikuwa haujaanza rasmi bado, akamwita Ismaili pembeni.

"Wewe ulijua. Mbona hukunisemea?"

"Hayo ya ngoma na shangwe niliyosoma mliyatamka wenyewe, shangazi."

"Nakuuliza mbona hukunisemea."

Ismaili akashusha sauti. "Ningemwambia habari za chaki, kibali tungekipata? Bwana Shauri kaona hapa pana wapiga ngoma tu, hapana hatari. Tumempiga chenga."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na Mwanakombo alikubali kuyameza. "Haya. Kibali sasa tunacho. Niandike kwenye kamati."

Ismaili alimtazama kwa upole, ule ule wa Kolins. "Kamati imekwisha kupangwa, shangazi. Nyinyi mna kazi yenu, na hakuna anayewazidi. Hata utafiti umesema."

Alikuwa haongopi. Uongo alioupeleka kwa Mwingereza ulikuwa umemrudia umevaa jalada la kitabu, naye akauamini.

Mkutano ulipofunguliwa Mwanakombo akasimama. Omari alikuwa mstari wa pili, na hilo alilijua. Alisema. Alisema habari ya kokoto, ya kanga kushushwa, ya chaki na ya mkono, kwa sauti ambayo ilitetemeka mwanzo kisha ikaacha. "Hiyo ndiyo sababu yangu," alimaliza. "Na si yangu peke yangu. Nataka kiti kwenye kamati."

Wanaume walitazama miguu yao. Omari aliinuka, akavaa kofia, akapita katikati ya watu bila kumwangalia mkewe, akatoka nje.

"Ahsante, shangazi," alisema Ismaili. "Lakini hayo ni mambo ya nyumbani. Au kuna mwingine anayesema yalikuwa mambo ya chama?"

Mwanakombo akageuka kumtazama Hadija. Walibeba kokoto pamoja. Walifutana migongo ufukweni kwa maji ya chumvi, kila mmoja akilia kwa niaba ya mwenzake. Hadija alikuwa ameinama. Salumu, mumewe, alikuwa amegeuka kutoka mbele, amemkazia macho.

Mwanakombo akangoja asemewe.

"Basi tuendelee," Ismaili alisema. "Mgeni wetu kutoka makao makuu anakuja Ijumaa. Wanawake mtampokea kwa sare gani?"

Hadija akakohoa kidogo, akajitanda kanga vizuri.

"Ya kijani," akasema. "Kijani itapendeza."