Shati Lililopigwa Pasi Nje ya Picha

Dobi alikuwa na chumba kimoja chenye dirisha pana, meza ya kupigia pasi na kamba zilizojaa mashati yaliyoning'inia kama watu wanaosubiri kuitwa. Mdogo wake, msusi wa chumba cha pili, ndiye aliyemshawishi aingie mtandaoni.

"Dada, changamka! Watu wanataka kelele," alimwambia huku akimshikia simu.

Basi dobi akapiga kelele. Jamani nifuateni, jamani sambazeni! Alicheka mpaka mashavu yakamuuma. Waliomtazama ni shangazi yao, na mtu fulani aliyetangaza dawa ya meno kila alipopata upenyo.

Kisha mafua yakambana, sauti ikakauka kabisa. Asubuhi hiyo aliegesha simu mezani, akawasha pasi na kufanya kazi yake kimya. Jua liliingia kwa ubavu. Mvuke ukapanda taratibu, ukajikunja ndani ya mwanga, ukapotelea darini. Shuka jeupe likanyooka chini ya mkono wake kama maji yanayotulia. Alisahau kabisa kwamba anarekodi. Alihisi chumba kimeng'oka, kinaelea mahali pasipo na mtaa wala magari.

Mchana akakuta maoni. "Mwanangu kalala kwa hii video." "Niko kazini, roho imetua." Alimjibu kila mmoja, hata aliyeandika "mmh" tu. Tangu hapo akaacha kelele. Aliuliza kwa maandishi: leo tunyooshe nini? Wakamchagulia: pazia, sare, gauni la harusi. Wakaanza kujuliana hali wenyewe kwa wenyewe, na asiyeonekana aliulizwa yuko wapi. Wakambatiza jina, Dada Mvuke.

Mjane mmoja akamwandikia faraghani. "Dada, nina shati la marehemu. Nimeshindwa kulipiga pasi. Nikuletee? Ila usilioneshe."

Alifika akiwa amelikumbatia, na wakati huo dobi alikuwa tayari yuko hewani, mubashara.

"Nizime?" dobi aliuliza.

"Usizime, hao ndio walionileta. Igeuze tu."

Dobi akaielekeza simu dirishani. "Wapendwa," alisema kwa sauti ya chini, "leo hamtaona nguo. Ni shati la marehemu wa mwenzetu. Tukae naye kidogo."

"Watakimbia wote!" msusi alinong'ona mlangoni.

Kioo cha dirisha, mwanga, na mvuke uliopita kama wingu lililopotea njia. Pasi ikapumua, ikateleza. Kisha mmoja akaandika: "Tupo." Mwingine: "Tupo, dada." Neno lilelile likaendelea kupanda kwenye simu, moja juu ya jingine, na mjane akalisoma kila lilipotokea, machozi yakimdondoka bila haraka.

Dobi alipofika kwenye mikono ya shati, mjane akamshika kiganja.

"Hapo kiwikoni paache. Alikuwa akiikunja mikono hivyo anapoosha vyombo."

"Hata mikunjo midogo?"

"Yote."

Dobi akainua pasi. Mjane akalichukua shati lingali na joto, akalivaa juu ya gauni lake. Mikono ikamfunika vidole. Akaingia mwenyewe kwenye picha, akasimama mbele ya dirisha, mgongo kwa simu, akipumua polepole. Msusi akaingia kwa kunyata, akamsogezea kiti.